Nachora vizuri kuliko zamani, lakini hamu imeniisha. Je, kipaji kimekauka?

*"Mwalimu, nina miaka 34 na nimekuwa nikichora kwa miaka tisa, mwanzo kwa rangi za maji na sasa akriliki. Naishi kwa oda: watu wananitumia foto za wazazi wao, maharusi, watoto, nami nawachorea. Wateja wanaridhika, wengi wananirudia. Tatizo ni kazi zangu mwenyewe. Tangu mwaka juzi nimeanza turubai 11 na sijamaliza hata moja. Naanza na moto, lakini siku ya pili au ya tatu naona nachora kitu kilichokufa, naigeuzia ukutani. Siku hizi nikimaliza oda sishiki brashi mpaka ije oda nyingine. Rafiki yangu mmoja ananiambia nisubiri, msukumo utakuja wenyewe. Mwingine anasema nimechoka kwa sababu sina mtindo wangu. Je, kipaji kinaweza kuisha? Nisubiri, niache oda, au nirudi darasani? Na hizi turubai 11 nizifanyeje?"*

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu lilinasa palepale: "siku ya pili au ya tatu". Mtu aliyeishiwa kipaji hakwami kwa ratiba. Turubai 11 zikikwama karibu mahali pamoja, kuna sababu inayoweza kutafutwa na kupatikana. Kwa ninavyokusoma, sababu ziko mbili: moja inatoka kwenye oda zako, nyingine iko kwenye turubai yenyewe. Nitazieleza zote mbili, ila kwanza tuondoe hofu.

Uwezo wa mkono na jicho haumtoki mtu ambaye wiki iliyopita amemaliza oda na mteja akaridhika. Wepesi unaweza kupungua ukikaa muda mrefu bila kuchora, lakini wiki chache za mazoezi huurudisha. Kwako naona jambo jingine: jicho limetangulia mkono. Zamani picha yako ikiwa na makosa kumi uliliona moja, ukafurahi, ukaitundika. Sasa unayaona saba. Picha ileile ambayo ungeipenda miaka mitano iliyopita leo inakuudhi, na unadhani wewe ndiye uliyeshuka. Kila mchoraji anayekua hupita hapo, wengine zaidi ya mara moja, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni mahali pazuri pa kukaa.

Huyo anayekwambia usubiri msukumo anakutakia mema, lakini ushauri wake umetoka kwenye hadithi za wachoraji, haukutoka studio. Katika hadithi hizo Vincent van Gogh ndiye hutajwa kwanza: watu wanaukumbuka ugonjwa wake, wakaamini kwamba ndio uliokuwa ukimsukuma. Soma barua alizomwandikia mdogo wake Theo, utakutana na mtu anayeagiza rangi kwa idadi ya mirija, anayepanga ukubwa wa turubai na kulalamikia upepo unaomyumbishia stendi ya kuwekea turubai. Alianza uchoraji mwaka 1880 akiwa na miaka 27, akafariki 1890, na katika miaka hiyo kumi aliacha picha zaidi ya 800 za rangi za mafuta. Alipolazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Ufaransa, siku ambazo ugonjwa ulimzidi hakuweza kuchora. Alichora akipata nafuu. Ugonjwa ulimnyang'anya siku za kazi, haukumpa.

Hamu ya kuchora mara nyingi huja baada ya brashi kuloa. Unapaka rangi mbili, zinagombana, unataka kujua itakuwaje ukiweka ya tatu katikati. Unaiweka, inatatua jambo moja na kuharibu lingine, nawe unasogea tena. Ukija kushtuka, mguu umekufa ganzi na dirisha limeingia giza. Kinachomvuta mtu hapo ni swali ambalo picha bado haijalijibu. Likiwepo swali, mkono unafuata wenyewe. Lisipokuwepo, hata brashi mpya hazisaidii, na hilo nalijua kwa fedheha: kuna wakati nilikaa miezi 14 bila kuchora chochote changu, na katika miezi hiyo nilinunua brashi nyingi kuliko mwaka wowote mwingine.

Sasa tuje kwenye oda. Mteja anapokutumia foto, fikiria maamuzi mangapi yamekwisha kufanywa kabla hujafungua kopo la rangi. Mwanga unatoka wapi, uso umekatwa wapi, nyuma kuna nini, mtu anatazama wapi, wakati gani wa siku: yote yamekwisha amuliwa, tena aghalabu na mtu aliyebonyeza kitufe bila kufikiri. Kamera imeshaamua hata kivuli kiwe cheusi kiasi gani, maana lenzi haioni kama jicho. Mara nyingi hufifisha yaliyomo gizani na kuunguza yaliyomo kwenye mwanga mkali. Kilichobaki kwako ni kunakili kwa ustadi. Ustadi ni kitu cha heshima na unakulisha, sina neno nao. Lakini mtu akikaa miaka mingi akijibu maswali yaliyokwisha kujibiwa, msuli wa kuamua unalegea. Kisha anasimama mbele ya turubai yake mwenyewe, ambapo kila kitu kinamngoja yeye aamue, na anajikuta hajui pa kuanzia. Hapo hujiambia "sina msukumo". Nakuomba urudi kwenye turubai zako 11 ukajiulize kwa ukweli: ngapi zilianzia kwenye foto? Kama ni nyingi, tayari una nusu ya jibu.

Foto si dhambi, tuelewane. Mchoraji Mfaransa Edgar Degas alipiga foto mwenyewe na kuzifanyia kazi. Ila yeye aliichukulia foto kama shahidi mmoja kati ya wengi, akamkatiza, akambishia, akachora pia kwa kutazama na kwa kukumbuka.

Malipo nayo yana upande wake. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti kama wangechora. Kundi la pili likachora, kisha likapewa cheti bila kutarajia. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa tena darasani, kila mtoto achague mwenyewe cha kufanya. Walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao. Wale waliopewa bila kutarajia hawakupungua. Kwa hiyo zawadi peke yake haikuwa na shida. Kilichobadilika ni sababu ya kushika kalamu. Wewe si mtoto wa chekechea na oda si cheti, basi usilibebe jaribio hili zaidi ya uzito wake. Hata hivyo sentensi yako, "sishiki brashi mpaka ije oda nyingine", inafanana nalo mno. Mkono wako umejifunza kwamba brashi hushikwa pale tu mtu mwingine anapongoja matokeo.

Sababu ya pili iko kwenye turubai, na hii wengi hawaambiwi hata darasani. Karibu kila picha ina siku yake ya ubaya, na huangukia katikati, pale ule uzuri wa michoro ya mwanzo umefunikwa na rangi bado hazijapatana. Kuna sababu ya kimaumbile. Karne ya 19 mwanakemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikuwa akisimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Malalamiko yakamfikia kwamba nyuzi nyeusi zinaonekana hafifu. Alipozichunguza akakuta nyeusi iko sawa; kilichoifanya ionekane hafifu ni rangi zilizofumwa kando yake, kama buluu na zambarau. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu jambo hilo: rangi haionekani ilivyo, inaonekana kulingana na jirani zake.

Sasa liweke hilo kwenye stendi yako. Unaanza juu ya turubai nyeupe pe. Rangi yoyote ya wastani ukiiweka juu ya weupe ule inaonekana nzito, unaogopa, unaongeza nyeupe. Siku ya pili sehemu kubwa imefunikwa, weupe umetoweka, na rangi zilezile ulizozipauza sasa zimezungukwa na vivuli: zinaonekana kama zimepakwa chaki. Kitu kilichokufa, kama ulivyosema. Ongeza kwamba akriliki mbichi ina uweupe kidogo wa gundi yake, ambao hutoweka ikikauka; basi asubuhi unakuta picha imekuwa nzito kuliko ulivyoiacha jana, na haijawa nzito kwa kiasi kilekile kila mahali. Unajilaumu moyo, kumbe umechezewa na macho na gundi.

Dawa yake ni rahisi mpaka inachekesha. Kabla ya kuanza, paka turubai nzima rangi nyepesi ya kijivu au hudhurungi, ikauke. Wachoraji wengi wa Ulaya wa karne ya 17 walifanya hivyo. Ukianzia katikati ya mwanga na giza, rangi zako za kwanza zinakwambia ukweli mapema. Na picha ikifika siku yake ya ubaya, itazame kwenye kioo, mbinu aliyoipendekeza Leonardo da Vinci: picha iliyogeuzwa huonekana kama ya mtu mwingine, na kosa la mwingine tunaliona haraka.

Siku hiyo ya ubaya haimwachi hata bingwa. Henri Matisse alipokuwa anachora mwanamke aliyelala, mwaka 1935, hatua za kazi zilipigwa foto zaidi ya mara 20, na ukizipanga unaona mwili ukirefushwa, ukipindwa, mkono ukihamishwa, kitanda kikigeuka mistari. Picasso na picha yake kubwa *Guernica* mwaka 1937 vivyo hivyo: mpiga picha Dora Maar alipiga foto kadiri kazi ilivyokwenda, na katika hatua za mwanzo kuna mkono wa shujaa aliyeanguka ukiinua ngumi juu kabisa katikati ya picha. Ngumi ile ingemvutia mtazamaji yeyote. Picasso aliifuta. Watu hawa hawakuwa na ramani iliyokamilika kichwani ambayo mkono ulikuja kuitimiza. Picha ilikuwa ikiwajibu, nao wakibishana nayo. Wewe umekuwa ukiondoka kwenye mazungumzo mara tu mwenzako anapokubishia.

Kuhusu mtindo nitasema kwa ufupi, maana naona unasumbua watu kuliko unavyostahili. Mtindo ni mabaki ya maamuzi uliyoyarudia, na mara nyingi hutokana na uhaba. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya mbao za hardibodi, na sehemu kubwa ya sura ya picha zile, rangi kali zisizochanganywa sana na mistari iliyo wazi, inaendana na tabia ya rangi ile. Ukikaa ukiutafuta mtindo utaishia kuvaa wa mwenzio.

Basi ufanye nini? Kuacha oda sikushauri, labda kama una akiba ya kutosha, na hata hapo ningesita. Mtu anayechora akihofia kodi ya nyumba huchora kile anachodhani kitauzika, na hapo umerudi kwenye oda bila mteja. Giorgio Morandi alifundisha uchongaji wa picha za chapa katika chuo cha sanaa Bologna kwa miaka mingi, huku akichora chupa zake chumbani mwake. Henri Rousseau alikuwa mtoza ushuru Paris hadi karibu miaka 50. Rembrandt, aliyepata jina kwa kuchora watu kwa malipo, alijichora mwenyewe kwa rangi takriban mara 40, tangu ujana hadi mwaka wa kifo chake; uso wako mwenyewe hauombi upunguziwe makunyanzi. Oda inaweza kukaa. Isiachiwe tu asubuhi zote.

Kupumzika ni halali, mradi pumziko liwe na mwisho unaojulikana. Wiki tatu bila rangi kabisa, tarehe ya kurudi ikiwa imeandikwa, ni tofauti sana na kusubiri. Kurudi darasani nako kunafaa kwa mwenye pengo mahususi: anatomia, rangi za mafuta, uchapaji. Kwa ulivyoeleza, pengo lako haliko kwenye maarifa, na nakuogopea darasa litakupa mtu mwingine tena wa kukuamulia.

Ningekuwa wewe ningechagua kitu kimoja kilicho karibu, kisichokwenda popote, nikakichora mara 20. Claude Monet alitumia marundo ya nafaka karibu na nyumba yake, akayachora takriban mara 25 kati ya 1890 na 1891, kwenye ukungu, theluji, machweo. Cézanne aliurudia mlima wa Sainte-Victoire mara nyingi sana mpaka miaka ya mwisho ya maisha yake. Kwako inaweza kuwa kiti, dirisha, ndoo, pembe ya ukuta ambapo mwanga hupita. Kurudia kunakuondolea swali "nichore nini", ambalo ndilo linalokula nguvu za asubuhi, na kukuachia lile lenye faida: "leo kiti hiki kinanisumbua wapi?" Turubai ziwe ndogo, za kuenea mapajani. Kila moja ipewe muda, saa mbili au tatu, na muda ukiisha imekwisha, hata ikiwa mbaya. Usitumie foto. Tumia rangi nne tu, nyeupe ikiwemo. Na kabla ya kuanza, nyuma ya turubai andika kwa penseli swali moja ambalo hujui jibu lake. "Kivuli kikiwa na joto kuliko mwanga, kiti kitaelea?" Hilo latosha. "Nataka ipendeze" si swali.

Usimwonyeshe mtu mpaka zifike kumi. Nasema hivi hasa kuhusu simu. Ukiweka picha ya kwanza mtandaoni jioni ileile, usiku utakuwa unahesabu waliopenda, na kesho utachora ile iliyopendwa.

Za kwanza tano au sita zitakuchosha. Nawaona wanafunzi wangu wakifika hapo wakiwa wamenuna, wameshachora kila walichojua kuhusu kiti. Halafu, kwa sababu hawana tena cha kusema, wanaanza kutazama.

Zikifika kumi, tafuta mchoraji mmoja mzoefu unayemheshimu, umpelekee ana kwa ana. Foto ya picha haionyeshi uso wa rangi, na mimi kwa barua siwezi kukuona unavyosimama, umbali wako na turubai, wala brashi unavyoishika. Mwombe asikwambie kama ni nzuri. Mwulize ni wapi jicho lake linakwama.

Kuna mambo mengine yanayohitaji mtu wa kukuona kwa macho, na hayahusu sanaa. Umeniandikia kwamba hamu ya kuchora imekutoka. Kama imekutoka na hamu ya mambo mengine pia, marafiki, chakula, vitu ulivyovifurahia, na hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi, au usingizi umevurugika na unajiona huna thamani, nenda kwa daktari au mshauri wa afya ya akili. Mazoezi ya kuchora kiti hayatibu sonona. Ukipata mawazo ya kujidhuru usingoje wiki wala siku. Mwambie mtu wa karibu na mfike hospitali siku hiyohiyo. Macho nayo yapimwe ikiwa rangi zimeanza kukudanganya au mwanga unakuumiza. Monet alichora miaka kadhaa akiwa na mtoto wa jicho, rangi zake zikaelemea wekundu na unjano, mpaka alipofanyiwa upasuaji mwaka 1923. Vidole vikifa ganzi au kifundo cha mkono kikiuma usiku, usikivumilie kwa kuwa wewe ni msanii.

Umeuliza kuhusu turubai 11. Usizitupe, na usizimalizie kwa hasira. Zigeuze zote kwa siku moja, uzipange kwenye ukuta mmoja, zima taa, uzitazame kwa mwanga hafifu wa jioni ukiwa mbali. Nyingi zitakaa kimya. Hizo zisugue kidogo kwa msasa laini, futa vumbi, kisha uzipake ile kijivu au hudhurungi niliyokwambia. Hakikisha tu zote ni akriliki, maana akriliki juu ya rangi ya mafuta hubanduka. Picasso na Van Gogh walichora juu ya kazi zao za zamani pia. Picha za eksirei zimeonyesha sura za watu chini ya baadhi ya picha zao maarufu. Nadhani utakuta moja au mbili ambazo mkono utasita kuzifunika. Hizo ziache kama zilivyo, zigeuzie tena ukutani, uzirudie ukishamaliza kiti cha kumi.